Kuhesabu Safari Ambayo Haikufanyika

Mtu akiacha gari lake nyumbani akapanda basi, hakuna anayeona. Barabara haibaki na alama ya gari ambalo halikupita, wala kituo cha mafuta hakitoi risiti ya petroli isiyonunuliwa. Jirani akichungulia dirishani anaiona foleni ileile ya jana, maana pengo la gari moja huzibwa papo hapo na gari lililokuwa nyuma yake. Hata hivyo wapo watu ambao kazi yao ni kuhesabu safari hizo zisizoonekana, na kutueleza ni ngapi, zimetoka wapi, na kama kweli zimeletwa na ile kampeni iliyogharamiwa kwa fedha za umma. Kazi hiyo ni tathmini. Nimekuwa nikizisoma ripoti zake kwa muda mrefu, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuwaheshimu wanaoziandika.

Miradi yenyewe haina mambo mengi. Mji umejaa magari. Mamlaka haipandishi ushuru wala haijengi barabara nyingine; inabisha hodi kwa watu na kuwauliza kwa upole: katika safari zako za wiki, ipo ambayo ungeweza kuifanya kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi? Anayetaka hupewa ramani ya mtaa wake, ratiba ya kituo chake cha basi, pengine na tiketi ya kujaribia. Asiyetaka huachwa kwa amani. Mwaka mmoja baadaye mkuu wa idara anasimama mbele ya waandishi wa habari na kutangaza kwamba kampeni imefaulu. Mtathmini anayeijua kazi yake, kufikia siku hiyo, ameshakuwa kazini tangu kabla kampeni haijaanza, kwa kuwa asiyehesabu kabla hana cha kulinganisha baadaye.

Mfano ambao wengi katika fani hii huanza nao ni South Perth, mji wa Australia ya Magharibi unaotazamana na katikati ya jiji la Perth, ng'ambo ya mto Swan. Mwaka 1997 palifanyika hapo jaribio dogo, na mwaka 2000 likapanuliwa kuwafikia wakazi wapatao 35,000. Mbinu ilitoka Munich, Ujerumani, kwa mtafiti Werner Brög na taasisi yake ya Socialdata. Brög alikuwa ametumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyosafiri kabla hajaanza kuwashawishi wabadilike, na nadhani mpangilio huo wa maisha yake ulimfaa sana. Alijifunza kuhesabu kwanza.

Tazama alivyohesabu. Ukimuuliza mtu kwa kawaida anasafirije, atakujibu kama anavyopenda kujiona. Kwa hiyo swali hilo halikuulizwa. Kaya ilichaguliwa kwa bahati nasibu, ikapangiwa siku yake, na kila aliyemo ndani, watoto pia, akaandikiwa safari zote za siku hiyo: ametoka saa ngapi, kwa chombo gani, kwenda kufanya nini, amefika saa ngapi. Kwenda dukani kununua mkate ni safari. Kumpeleka mtoto shuleni ni safari, na kurudi ni safari nyingine. Fomu ilikwenda kwa posta, simu ikapigwa kukumbusha, na kaya iliyonyamaza ikafuatwa tena, kwa sababu wanaonyamaza mara nyingi hawafanani na wanaojibu. Mwenye shughuli nyingi, aliye njiani kutwa nzima, ndiye asiye na nafasi ya kujaza fomu ya safari. Ukimwacha, umeupima mji wa watu wanaokaa nyumbani.

Matokeo ya South Perth yalizunguka dunia. Safari za kuendesha gari zilipungua kwa asilimia 14. Za miguu ziliongezeka kwa asilimia 35, za baiskeli kwa asilimia 61, na za usafiri wa umma kwa asilimia 17. Hiyo asilimia 61 inavutia macho, ila msomaji mzoefu huitazama kwa utulivu, kwani baiskeli zilianza zikiwa chache mno, na kidogo kikiongezwa kidogo huonekana kingi. Asilimia 14 ndiyo nzito. Mtu anayeendesha gari safari mbili kwa siku ana safari 14 kwa wiki. Punguzo hilo kwake ni safari mbili tu katika wiki nzima.

Safari mbili kwa wiki. Hapo ndipo nilipoanza kuuona ugumu wa kazi hii. Mtoto akiugua, wiki hiyo ina safari mbili za ziada kwenda hospitali. Shangazi akija kutoka mbali, zimeongezeka nne. Mvua ikinyesha, baiskeli inabaki barazani. Mabadiliko ambayo mtathmini anayatafuta ni madogo kuliko mabadiliko ambayo maisha yenyewe huyaleta kila Jumatatu, naye yuko katika hali ya fundi cherehani anayempima mtoto asiyetulia: lazima apime mara nyingi, na apime watoto wengi, ndipo aweze kusema kwa uhakika kwamba mtoto amekua nusu inchi.

Na hata akisema safari zimepungua, swali kubwa bado halijajibiwa. Zingepungua bila kampeni? Pengine bei ya mafuta imepanda, kiwanda kimefungwa, au basi jipya limeanza kupita. Dawa yake ni kundi la ulinganisho, yaani watu wanaofanana na wale wa mradi kwa kila hali isipokuwa moja, kwamba hodi haikubishwa kwao. Maisha yao hutuonyesha mwaka ule ungekuwaje. Kulipata kundi hilo ni kazi ya jasho. Ukichukua mtaa wa pili, huenda una treni ambayo mtaa wa kwanza hauna. Ukichukua wale waliokataa kushiriki, umechukua watu waliokwisha kujionyesha kuwa wa aina tofauti.

Kuna mtego mwingine ambao naustahi kwa jinsi ulivyojificha. Tuseme mradi unawachagua watu walioendesha gari kupita kiasi katika wiki ya kwanza. Wiki za baadaye wengi wao wataendesha kidogo, hata wasipoambiwa neno, kwa kuwa ile wiki ya kwanza ilikuwa ya pekee: harusi, msiba, kuhama nyumba. Wamerudi kwenye wastani wao. Asiyeujua mtego huu ataandika ripoti ya furaha na ataamini kila alichoandika.

Haishangazi basi kwamba sifa za South Perth zilifuatwa na mashaka, na mashaka hayo yameifanyia fani hii hisani kubwa. Peter Bonsall wa Chuo Kikuu cha Leeds alichapisha mwaka 2009 makala iliyouliza waziwazi kama kweli tunajua kwamba mipango ya namna hii inafanya kazi. Moja ya hoja zilizokuwa zikirudiwa ni kwamba aliyeendesha kampeni mara nyingi ndiye pia aliyepima matokeo yake. Hakuna haja ya kumdhania mtu udanganyifu. Yule mama aliyeletewa ramani mlangoni kwa tabasamu, akipewa fomu na watu walewale, anaweza tu kusahau kuandika ile safari fupi ya gari kwenda kununua maziwa. Hakusema uongo. Amependa kuwafurahisha wageni wake, jambo ambalo sisi tuliolelewa kumkirimu mgeni tunalielewa vizuri sana.

Peter Stopher, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Sydney, alishika njia ya kutowategemea watu kukumbuka. Katika tathmini za miradi ya Australia, Adelaide ikiwemo, yeye na wenzake waliziomba kaya zisome kipima kilomita cha gari mara kwa mara na kuandika tarakimu zinazoonekana. Waliwapa watu pia vifaa vidogo vya GPS wavibebe kila waendako. Kipima kilomita hakijui kufurahisha wageni. Hakijui vilevile nani alikuwa anaendesha, wala kwa nini. GPS hujua njia na mwendo, lakini haisemi kama uliyebebwa ulikuwa katika basi au gari la rafiki. Watafiti walilazimika kutunga programu zinazokisia chombo kutokana na kasi, na mahali uliposimama, na kama ulisimama kituoni au kwenye taa. Kisha kuna betri iliyokwisha, na kifaa kilichosahauliwa mezani siku nzima, nacho kinaonyesha kwamba mwenyewe hakutoka. Kila kipimo kina aibu yake. Ufundi umo katika kuvichagua viwili au vitatu ambavyo aibu zao hazifanani.

Stockholm ilitoa somo la ziada juu ya kumbukumbu zetu. Mwaka 2006, kuanzia Januari hadi Julai, jiji hilo lilijaribu kutoza magari yanayoingia na kutoka katikati. Hiyo ni tozo, si ushawishi, kwa hiyo ni jirani tu wa habari yetu. Magari yaliyovuka mpaka wa tozo yalipungua kwa takriban asilimia 20. Mtafiti Jonas Eliasson ameeleza kwamba watu walipohojiwa baadaye, wengi walishikilia kuwa hawakubadili chochote. Walikuwa wamebadilika na hawakujua. Nikikumbuka hilo, siwezi tena kuisoma kwa imani ripoti ambayo ushahidi wake wote ni jibu la swali moja kama umepunguza kutumia gari.

Wapo pia mafundi ambao hawaendi mtaani kabisa. Hukaa na ripoti za wengine na kuzipepeta. Guido Möser na Sebastian Bamberg walikusanya tathmini 141 na mwaka 2008 wakatoa jumla yake: sehemu ya safari zisizo za gari ilipanda kutoka asilimia 39 hadi 46. Waliongeza, bila kuficha, kwamba nyingi ya tafiti hizo zilikuwa dhaifu kimuundo, zikilinganisha kabla na baada bila kundi la ulinganisho. Miaka mitatu baadaye Ella Graham-Rowe na wenzake walipitia tathmini 77 za juhudi za kupunguza matumizi ya gari. Walizoziona imara ni 12, na nusu tu ya hizo 12 zilionyesha kwamba gari lilipungua kweli. Mtu anaweza kuisoma habari hiyo kama kushindwa kwa fani nzima. Mimi naiona tofauti. Ni shughuli ngapi za umma tunazozijua, katika nchi yoyote ile, ambazo watu wake wenyewe wameketi wakatupa ripoti 65 kati ya 77 pembeni, wakachapisha hesabu hiyo kwa majina yao?

Tathmini ninayoirudia mara nyingi ni ya miji mitatu ya Uingereza: Darlington, Peterborough na Worcester. Kati ya 2004 na 2009 miji hiyo iligawana pauni milioni 10 za serikali kufanya kila aina ya ushawishi kwa pamoja: ziara za nyumbani, mipango ya safari za kazini na za shuleni, matangazo ya mabasi, kuhimiza baiskeli na kutembea. Ripoti ilitoka mwaka 2010, ikiongozwa na Lynn Sloman, na miongoni mwa waandishi alikuwemo Phil Goodwin, mkongwe wa masuala ya usafiri. Safari za kuendesha gari kwa kila mkazi zilikuwa zimepungua kwa asilimia 9. Katika miji mingine ya ukubwa wa kati, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa usafiri, punguzo la kipindi hicho lilikuwa kama asilimia 1.

Ripoti ingeweza kuishia hapo na ikapigiwa makofi. Waandishi wake wakaenda kuangalia vihesabio vya magari barabarani, na vihesabio vikatoa jibu jingine: kwa ujumla magari yalipungua kwa kama asilimia 2, na katika maeneo ya ndani ya miji kwa asilimia 7 hadi 8. Tisa na mbili zinagombana. Kurasa zinazofuata ndizo ninazozipenda kuliko zote, pale wanapozipatanisha takwimu hizo hatua kwa hatua, bila kuilazimisha yoyote inyamaze. Fomu za kaya zinawahusu wakazi peke yao; kihesabio humhesabu pia mpita njia anayetoka mji mwingine, na mgeni, na lori la mizigo. Tena safari zilizopungua sana ni zile fupi, kwa hiyo umbali ulioendeshwa na wakazi ulishuka kwa asilimia 5 hadi 7 tu, chini ya ile tisa. Safari fupi hazikatizi barabara nyingi, na vihesabio vingi huwekwa kwenye barabara kubwa. Mwishoni takwimu zote zinasimama upande mmoja, kila moja ikiwa na ukubwa wake na sababu yake. Na mahali ambapo habari haikuwa nzuri pameandikwa vilevile: katika Peterborough na Worcester safari za basi ziliongezeka, katika Darlington zilipungua.

Sasa nije nyumbani, Kenya, ambako hali ni nyingine. Kwa abiria wa matatu, kuacha gari nyumbani si swali, maana wengi hawana gari la kuacha. Tabia iliyotakiwa kubadilika ilikuwa ya kukaa kimya. Dereva anapita gari jingine kwenye kona, abiria kumi na wanne wameshika viti, kila mmoja anaogopa moyoni, na hakuna anayefungua mdomo. James Habyarimana na William Jack, wachumi wa Chuo Kikuu cha Georgetown, walianza mwaka 2008 kujaribu kama stika zilizobandikwa ndani ya gari, kwa Kiswahili na Kiingereza, zikimhimiza abiria aseme, zinaweza kuuvunja ukimya huo. Baadaye mradi ukajulikana kwa jina la Zusha.

Stika ni kitu cha bei rahisi. Ninachokistaajabia ni mgao. Ilihitajika kuwe na magari yenye stika na yasiyo nazo, na mtu yeyote asiweze kuchagua awe upande gani, wala mwenye gari, wala dereva, wala mtafiti mwenyewe. Wakatazama tarakimu ya mwisho kwenye namba ya usajili. Witiri, unapewa stika. Shufwa, hupewi. Hakuna dereva mwangalifu anayepewa namba witiri kwa sababu ya uangalifu wake. Tarakimu moja, iliyokuwa ikining'inia nyuma ya kila matatu tangu siku ilipoandikishwa, ilifanya kazi ambayo wengine hutumia miezi kuipanga. Zaidi ya magari 2,000 yaliingia katika jaribio hilo.

Ili stika zisibanduliwe, palikuwa na droo ya kila wiki: dereva aliyekutwa nazo zikiwa salama aliweza kujishindia fedha. Hata hivyo baadhi walizikataa na wengine walizitoa baadaye. Kishawishi cha mtathmini ni kuwaondoa hao katika hesabu na kubaki na waliozitunza. Lakini dereva anayekubali maneno ya kumsema yabandikwe ndani ya gari lake huenda alikuwa mpole tangu zamani, na ukimhesabu yeye peke yake umepima upole wake badala ya stika. Kwa hiyo walilinganisha magari yote yaliyopangiwa stika, yaliyozibeba na yasiyozibeba, na magari yote ya upande wa pili. Njia hiyo huyafanya matokeo yaonekane madogo kuliko yalivyo. Waliichagua wakijua.

Na kipimo? Hawakumuuliza abiria kama amezungumza, au dereva kama amepunguza mwendo, wakaishia hapo. Walikwenda kwenye makampuni ya bima na kuangalia madai ya fidia. Karani wa bima anayefungua faili la ajali hajui kama gari lile ni la utafiti au la, na halimhusu. Ni kweli zipo ajali zinazomalizwa kando ya barabara bila faili kufunguliwa, ila hizo huyapata magari ya witiri na ya shufwa kwa kiasi kilekile, na kwa hiyo hazipindui ulinganisho. Kiwango cha kawaida kilikuwa kama madai kumi kwa mwaka katika kila magari mia. Kwenye magari ya stika kilishuka kwa kati ya nusu na theluthi mbili.

Matokeo makubwa namna hiyo humtia hofu fundi mwaminifu, na njia ya kuitibu hofu hiyo ni kurudia. Walirudia, safari hii kwa magari 12,000, na makala yao ilichapishwa mwaka 2015. Punguzo la madai likawa kati ya robo na theluthi moja: dogo kuliko la kwanza, na wakaliandika kama lilivyo. Ujumbe uliowaita abiria kusimama pamoja ulifanya kazi kuliko aina nyingine. Kasi ya magari ya stika ilishuka kwa kilomita moja hadi mbili kwa saa, badiliko ambalo abiria mwenyewe hawezi kulihisi akiwa kwenye kiti. Stika za kujaribia tu, zisizokuwa na wito huo, hazikuonyesha athari ya kutambulika, na hilo ni muhimu, kwa kuwa linatuambia kwamba kazi ilifanywa na ujumbe wenyewe, wala haikufanywa na dereva kujua kwamba kuna watu wanamfuatilia. Gharama waliikadiria kuwa kati ya dola 10 na 45 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliookolewa, kwa zile stika zilizofanya kazi vizuri zaidi.

Pamoja na stika, mradi huo wa pili ulikuwa na kampeni ya redio. Redio ni kitu kinachopendwa sana na wafadhili wa kampeni. Husikika, hutajwa mtaani, na mkurugenzi anaweza kuisikia akiwa ndani ya gari lake na kujua fedha zimekwenda wapi. Kuipima ni taabu, kwani sauti haichagui mlango wa kuingia. Habyarimana na Jack waliitafuta athari yake katika takwimu zao na wakaandika kwamba hawakuweza kuitambua. Sentensi hiyo hawakuizika kwenye kiambatisho. Iko katika muhtasari wa makala, pale ambapo msomaji mwenye haraka ataiona, mistari michache tu baada ya habari kwamba ajali zilipungua kwa 140 kwa mwaka kuliko ilivyotarajiwa.